Gondolosi: Mzizi wa Dawa, Tuupande Nyumbani

Katika kila kijiji kuna watu wanaojua dawa za miti. Wengine wanajua majani. Wengine wanajua magome. Wengine wanajua mizizi. Labda ulipokuwa mtoto ulitumwa na bibi yako kwenda kuchimba mzizi wa dawa.

Je, ulikwenda mbali? Na leo, mtoto wako akitumwa kuchimba mzizi ule ule, atakwenda mwendo gani?

Mahali pengi jibu ni kwamba mtoto atakwenda mbali zaidi. Pengine atarudi mikono mitupu. Msitu umefyekwa, na mizizi iliyobaki imechimbwa ikauzwa.

Katika somo hili tutajifunza habari za mmea mmoja wa dawa. Tutaona jinsi unavyokwisha. Kisha tutajifunza namna ya kuuotesha, kuupanda, na kuchimba mizizi yake bila kuuua.

1. Gondolosi ni mmea gani?

Wewe uliyeko Mbebe, Malawi si mbali nawe. Ukivuka Mto Songwe, utasikia watu wakitaja gondolosi. Ni mzizi unaouzwa sokoni na barabarani. Magharibi mwa Kenya, Waluhya huuita mkombero. Uganda, Waganda huuita mulondo. Afrika ya Kusini, Wazulu huuita umondi. Majina ni mengi, lakini mmea ni mmoja. Huenda na ninyi mna jina lenu.

Wataalamu wa mimea wa dunia nzima hutumia jina moja tu: Mondia whitei. Andika jina hili kwenye daftari lako. Ukienda kwa bwana misitu au bibi misitu, mwonyeshe. Hapo hamtakosea kwa sababu ya tofauti za lugha.

Gondolosi huota yenyewe katika misitu yenye unyevu, na kando ya mito. Shina lake ni la mti, lakini halisimami lenyewe. Hutambaa na kupanda juu ya miti mingine. Majani yake ni makubwa, na huota mawili mawili, moja huku na moja huku. Jani lina umbo la moyo upande wa kikonyo. Ukilikata, linatoa utomvu mweupe kama maziwa.

Chini ya ardhi ndiko kuliko na mali yenyewe. Mizizi ni minene. Ukikwangua ganda la mzizi, utasikia harufu tamu kama ya vanila inayotiwa kwenye keki. Watu hutafuna ganda hilo au hulitia katika chai na uji. Wengi husema linaleta hamu ya kula, linatuliza tumbo na kuondoa uchovu. Wanaume wengi hulitafuta kwa ajili ya nguvu za kiume.

2. Kwa nini inakwisha?

Mtu akichuma majani ya mchicha, mchicha huchipua tena. Lakini mzizi si kama jani. Mzizi ni mdomo wa mmea, maana ndio unaonywa maji. Tena mzizi ni ghala la mmea, maana ndimo chakula kinamowekwa. Ukiung'oa mzizi wote, umeuondoa mdomo na ghala kwa pamoja. Mmea hauna budi kufa.

Zamani hasara hii haikuonekana. Mganga alichimba kidogo, kwa mgonjwa mmoja. Msitu ulikuwa mkubwa. Siku hizi mzizi unauzwa mijini. Mchimbaji hachimbi kwa mgonjwa mmoja, bali anajaza gunia. Akikuta mmea, anaumaliza, kwa sababu anajua asipoumaliza yeye, mwingine ataumaliza kesho.

Mambo hayo yametokea kweli. Afrika ya Kusini, umondi ulichimbwa sana kwa ajili ya masoko ya dawa. Sehemu nyingi ulikokuwa ukiota zamani, sasa ni shida kuuona. Serikali ya huko imeuhesabu miongoni mwa mimea iliyo hatarini kupotea.

Magharibi mwa Kenya kuna msitu wa mvua nyingi, Msitu wa Kakamega. Huko nako watu walichimba mkombero msituni kwa miaka mingi. Ulipoanza kuadimika, wataalamu na wakulima wanaokaa kando ya msitu walijaribu kuupanda mashambani. Ukakubali. Kwa hiyo tusiseme kwamba mmea wa msituni hauwezi kukaa nyumbani.

3. Usikosee mmea

Kabla ya kupanda, ujue unapanda nini. Iko mimea mingine inayotambaa, yenye utomvu mweupe, na yenye mbegu za manyoya. Baadhi yake ni sumu kali.

Upo mmea unaoitwa kombe, unaoota nchi za kusini mwetu, Malawi na Msumbiji. Matunda yake pia huota mawili mawili, na mbegu zake zina manyoya. Wawindaji wa zamani walipaka sumu yake kwenye mishale. Daktari John Kirk alisafiri na Livingstone katika nchi hizo kati ya mwaka 1858 na 1863. Aliweka sumu ya mishale mfukoni pamoja na mswaki wake. Aliposwaki, alionja uchungu. Kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kumbe sumu kidogo ilishika kwenye mswaki. Baadaye wataalamu walitengeneza dawa ya moyo kutokana na mmea huo. Lakini kwa mtu asiyepimiwa na daktari, ni sumu.

Basi fuata mambo haya matatu:

Kwanza, chukua mbegu au shina kwa mtu anayeufahamu mmea kwa miaka mingi. Usibahatishe.

Pili, tazama mahali majani mawili yanapokutana na shina. Gondolosi ina kitu kama pindo la nguo lililochanikachanika, linalozunguka shina.

Tatu, nusa mzizi. Mzizi wa gondolosi una harufu tamu. Kama huna hakika, usionje. Mwonyeshe mtaalamu kwanza.

4. Njia tatu za kuotesha

Unaweza kupata miche kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mbegu. Matunda ya gondolosi hukaa mawili mawili, kama pembe za ng'ombe. Yakikauka hupasuka. Ndani mna mbegu zenye manyoya laini kama usufi. Upepo ukivuma, mbegu zote huruka. Kwa hiyo usingoje zipasuke. Matunda yanapokomaa, yafunge kwa kitambaa chepesi. Yakipasuka, mbegu zitabaki ndani ya kitambaa. Ondoa manyoya, kisha zipande mapema. Mbegu mpya huota vizuri kuliko mbegu iliyokaa.

Njia ya pili ni vipandikizi. Wewe unapanda muhogo kwa kukata pingili za shina. Gondolosi nayo huoteshwa kwa vipande vya shina, lakini inataka uangalizi zaidi. Chagua shina lenye unene wa penseli. Lisiwe changa sana, wala lisiwe gumu kama kuni. Kata kwa kisu kikali na safi. Kila kipande kiwe na vifundo 3, yaani mahali 3 panapotoka majani. Kata chini kidogo ya kifundo cha mwisho, kwa maana mizizi hupenda kutokea hapo. Osha utomvu kwa maji. Ondoa majani ya chini. Majani ya juu yakate nusu, ili yasipoteze maji mengi. Panda siku ile ile.

Njia ya tatu ni kulaza shina. Hii ni rahisi kuliko zote. Chukua shina refu la mmea ulio hai, bila kulikata. Lilaze chini. Kifundo kimoja kifukie kwa udongo wenye rutuba, na uweke jiwe juu yake lisiinuke. Ncha ibaki nje. Mwagilia. Mama bado anamnyonyesha mtoto, kwa hiyo mtoto hafi upesi. Baada ya miezi michache, fukua kidogo. Ukiona mizizi, kata shina upande wa mama. Umepata mche.

5. Kitalu

Wakulima wa kahawa wa Ileje wanakijua kitalu. Kitalu cha gondolosi hakina tofauti kubwa.

Chagua mahali karibu na maji, lakini maji yasituame. Changanya udongo wa juu, mchanga, na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jaza viriba, au tengeneza tuta. Viriba viwe na matundu chini.

Jenga kichanja chenye kivuli kwa kutumia nyasi. Mmea huu ni mtoto wa msitu. Ukiuweka juani ukiwa mdogo, utakauka. Kivuli kisiwe kizito mno. Jua dogo lipenye kati ya nyasi.

Mbegu zifukie kidogo tu, kwa udongo usiozidi unene wa kidole kimoja. Vipandikizi vichomeke hata vifundo viwili viingie chini, na kimoja kibaki juu.

Mwagilia asubuhi au jioni. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Ukiona kipandikizi kimechipua majani, usikivute kutazama mizizi. Wengi huua miche yao kwa haraka hiyo. Majani hutangulia, mizizi hufuata.

Mche ukifikia urefu wa mkono, anza kupunguza kivuli kidogo kidogo. Hivyo mche huzoea jua kabla ya kwenda shambani.

6. Kupanda shambani

Katika nchi yetu ya kusini magharibi, mvua kubwa huanza mwezi wa Novemba au Desemba. Kwa hiyo anza kitalu mapema, wakati wa kiangazi, mahali unapoweza kumwagilia. Mvua zikishika, miche iwe tayari.

Mmea huu hupenda unyevu na joto la wastani. Hauwezi baridi ya kugandisha. Kama shamba lako liko juu sana mlimani, panda mahali palipokingwa na upepo.

Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini, na sentimita 45 kwa upana. Kwa nini shimo liwe kubwa? Kwa sababu tunataka mizizi. Udongo mgumu hutoa mizizi myembamba iliyojipinda. Udongo uliolainishwa hutoa mizizi minene iliyonyooka. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha panda. Kati ya mche na mche acha mita 1 au zaidi.

Mmea huu unataka mahali pa kushika. Usiuache utambae chini. Panda karibu na mti unaokaa shambani, kwa mfano mgrivea, au simamisha nguzo imara. Usiupandishe juu ya mkahawa, maana utausonga.

Palilia. Weka matandazo ya nyasi kavu, lakini yasiguse shina, yasije yakaleta mchwa. Zuia mbuzi. Kazi ya mwaka mzima huweza kuliwa na mbuzi mmoja kwa dakika chache.

7. Kuchimba bila kuua

Hapa ndipo penye maana ya somo letu. Mtu anaweza kupanda vizuri, kisha akachimba vibaya akarudi pale pale alipoanzia.

Usichimbe mwaka wa kwanza. Acha mmea ukae miaka 2 au zaidi, mizizi inenepe. Kisha fanya hivi:

Chimba upande mmoja tu wa shina. Fukua udongo pole pole kwa jembe dogo au kwa mkono. Chagua mizizi michache minene ya pembeni. Ikate kwa kisu safi. Mizizi ya katikati iliyo chini ya shina usiiguse. Rudisha udongo, ushindilie kidogo, na uweke samadi. Safari nyingine, chimba upande wa pili.

Tufanye hesabu. Tuseme umechomeka vipandikizi 20. Vipandikizi 5 vimekufa. Una mimea 15. Igawe katika mafungu 3, kila fungu mimea 5. Mwaka wa kwanza wa kuchimba, chimba fungu la kwanza. Mwaka wa pili, fungu la pili. Mwaka wa tatu, fungu la tatu. Mwaka wa nne unarudi fungu la kwanza. Je, fungu la kwanza limepumzika muda gani? Limepumzika miaka 3. Kila mwaka umepata mizizi, na mimea yote 15 ingali hai. Yule aliyeng'oa yote 15 mwaka mmoja alipata gunia moja kubwa. Mwaka uliofuata hakupata kitu.

Osha mizizi kwa maji safi. Ikaushe juu ya kichanja kivulini, mahali penye upepo. Usiifunge katika mfuko wa plastiki ikiwa bado mbichi. Itaota ukungu, na mzizi wenye ukungu haufai kuliwa.

8. Dawa hii na zahanati

Ndugu msomaji, tuseme kweli. Mambo mengi yanayosemwa juu ya gondolosi hayajathibitishwa kwa binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Kamerun waliujaribu mzizi huu kwa panya dume. Majibu hayakuwa ya namna moja. Dawa iliyotolewa kwa maji iliongeza homoni ya kiume. Majaribio mengine yalionyesha kwamba mbegu za uzazi zilipungua. Maana yake ni nini? Mzizi mmoja unaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kujisifu kwamba anajua kila kitu kuhusu mzizi huu.

Mwanamume akiona nguvu zake zimepungua, asikimbilie mzizi tu. Hali hiyo huweza kuwa dalili ya kisukari, au ya shinikizo la damu. Aende zahanati akapimwe. Akitafuna mzizi mwaka mzima bila kupima, ugonjwa utakuwa unamla ndani kwa ndani.

Mama mjamzito asitumie. Mtu anayemeza dawa za hospitali amweleze mganga wa zahanati kwamba anatumia mzizi huu. Asimfiche. Mganga hawezi kumsaidia mtu kwa jambo asilolijua.

9. Kuuza

Ukipanda kwa matumizi ya nyumbani, mimea michache inatosha. Ukitaka kuuza, tafuta mnunuzi kwanza. Usifyeke ekari nzima kwa kusikia tu kwamba kuna fedha Tunduma. Anza kwa kidogo, na mwuze maswali anayenunua: Anataka mizizi mibichi au mikavu? Kiasi gani? Analipa lini?

Kwa mkulima mmoja kazi hii ni ngumu. Kikundi huweza zaidi. Kando ya Msitu wa Kakamega kiko kikundi cha wakulima kinachoitwa Muliru. Wao walipanda kichaka kingine cha dawa, aina ya mrihani wenye harufu ya kafuri. Hawakuuza majani matupu. Walikamua mafuta yake, yakatengenezwa dawa ya kupaka kwa mafua na maumivu, inayoitwa Naturub. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Walisifiwa kwa sababu walipata fedha bila kumaliza msitu.

Kumbuka na sheria. Kuchimba mizizi katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Tena, anayetaka kutibu watu au kuuza dawa za asili anapaswa kusajiliwa, kwa sheria ya tiba asili ya mwaka huo huo wa 2002. Muulize mtendaji wa kijiji akuelekeze.

10. Neno la mwisho

Wazee wanakumbuka kampeni ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakapanda miti. Neno lile halijazeeka. Lakini mali isiyoongezwa huisha. Mwenye ng'ombe hachinji majike yote. Mwenye mahindi hali mbegu.

Bibi zetu walitukuta msitu ukiwa na dawa. Sisi wajukuu wetu watatukuta na nini? Anza na kipandikizi kimoja, nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mmea huu unaitwaje kwa lugha yenu? Andika jina hilo katika daftari.
2. Kwa nini kung'oa mzizi wote kunaua mmea?
3. Taja njia tatu za kuotesha gondolosi. Ipi ni rahisi kwako? Kwa nini?
4. Una mimea 24. Unataka kila mmea upumzike miaka 4. Utachimba mimea mingapi kila mwaka?
5. Ni dawa gani nyingine za mizizi zinazopungua katika kijiji chenu? Nani kijijini anazijua vizuri? Mwalikeni darasani awafundishe.
6. Darasa zima likubaliane: tutaanza kitalu wapi, na nani atamwagilia siku gani?